Cheti cha Ukavu

Ipo nchi moja, wala msiniulize iko upande gani maana ramani yake huchapwa upya kila baada ya uchaguzi, ambako serikali inawapenda wananchi kiasi kwamba haivumilii kuwasikia wakilalamika. Katika nchi hiyo kuna mto uitwao Luhangwe, na katika Idara ya Vipimo vya Mito kulikuwa na mpimaji aliyeitwa Kondo Mbarapi, mgane wa miaka hamsini na saba, mwenye mwandiko mzuri kuliko watumishi wote wa jengo lile la ghorofa tatu.

Kazi ya Bwana Kondo ilikuwa kwenda mtoni na ufito wenye namba, kuuchomeka, kusoma maji yamefika wapi, kisha kuandika kwenye daftari kubwa la idara. Alikwenda mara moja kwa mwaka, mwezi wa nane, saa nne asubuhi. Si kwamba alikuwa mvivu. Ulikuwapo waraka, nao ulisema hivi: "Kwa kuwa maji yaendayo kasi ni hatari kwa mtumishi, na kwa kuwa serikali inamjali mtumishi wake, ni marufuku kupima mto wakati una maji." Uliandikwa kwa nia njema, baada ya mpimaji mmoja wa zamani kuchukuliwa na mto akiwa amevaa buti za serikali. Bungeni ziliulizwa sana zile buti.

Basi kwa miaka ishirini na mbili Bwana Kondo alishuka mtoni katikati ya kiangazi, akachomeka ufito kwenye mchanga mkavu, mbuzi wakimtazama, akaandika sifuri. Mwaka uliofuata, sifuri. Aliiandika kwa wino mweusi, mviringo sawasawa, na chini yake akatia saini. Masika alipita darajani kama watu wengine na kuyaona maji mekundu yakibeba magogo, lakini hayo aliyaona kama mpita njia, na mambo ya mpita njia hayaingii daftarini.

Takwimu hizo zilipomfikia Waziri wa Ardhi, Makazi na Matumaini, Mheshimiwa Dokta Bulugu Matambwe, alifurahi mpaka akaagiza soda. Mchoro wa miaka ishirini na mbili ulikuwa mstari mmoja ulionyooka, hauna hata kinundu. Aliutundika ofisini kwake mahali pa picha ya familia, kisha akaitisha mkutano wa hadhara bondeni.

"Ndugu wananchi," alisema akiwa chini ya hema, maana ulikuwa mwezi wa nane na jua lilikuwa kali, "wataalamu wetu wazalendo wamethibitisha kwamba mto huu umeacha kazi. Miaka ishirini na mbili haujaleta hata tone. Mtumishi gani atakaa miaka ishirini na mbili bila kufika kazini, na bado tumwite mtumishi?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Waziri akangoja yaishe.

"Kuanzia leo hakuna tena Bonde la Luhangwe. Kuna Mtaa wa Neema. Viwanja mia tatu, vyote tambarare, udongo laini, hutahitaji hata sururu. Na kila kiwanja kitakuwa na Cheti cha Ukavu, kilichotiwa saini na mtaalamu."

Mtaalamu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya hema, juani, na hakujua kwamba ni yeye anayesemwa. Alijua Jumatatu, alipokuta rundo la vyeti mezani kwake na kalamu mpya juu yake.

*

Bwana Kondo alikuwa na mtoto mmoja tu, Siwatu, fundi cherehani. Siwatu alikuwa ameolewa, kisha siku moja mumewe akamwambia atoke, wakati wa chakula cha mchana, sahani zikiwa bado mkekani. Alitoka na cherehani kichwani na mtoto wake, Tumu, mgongoni. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja maishani: nyumba ambayo hakuna mtu atakayesimama mlangoni na kumwambia toka. Alidunduliza kwa kushona sare za watu, huku akipanga chumba kimoja chenye dari ya magunia.

Siku viwanja vilipotangazwa alikuja kwa baba yake mbio, hata khanga ya pili hakujitanda.

"Baba, nimeshika namba mia na kumi na nne. Kimebaki cheti tu. Nimeambiwa anayesaini ni wewe."

Kondo akaishika ile karatasi, akaisoma, akairudia. Kichwani mwake yalikuwa yakipita magogo.

"Mwanangu, pale masika huwa pana maji."

"Kwenye daftari lako umeandika yapo?"

"Hapana."

"Basi?"

Kumjibu sawasawa ingekuwa kumwambia mwanawe kwamba ada ya shule, mchele wa sikukuu na ile cherehani yenyewe vyote vilitokana na kuandika sifuri mahali pasipo na sifuri. Kuna mambo baba hapendi mtoto wake ayajue. Tena Siwatu alikuwa akimtazama kwa uso ambao Kondo hakuwa ameuona tangu binti arudi na cherehani kichwani, uso wa mtu anayecheka kabla hajachekeshwa. Akatia saini, na ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kutia.

Nyumba ikasimama kwa miezi saba. Vyumba viwili na ukumbi, mlango wa chuma unaofungukia nje, madirisha yenye nondo nene kwa ajili ya wezi. Siku ya kuhamia Siwatu alifunga mlango kwa ndani, akamwambia baba yake aliye nje, "Bisha hodi." Kondo akabisha. Siwatu akakaa kimya kidogo, ili tu aone ilivyo kumngojesha mtu nje ya nyumba yako, ndipo akafungua, machozi yakimtoka.

Msidhani serikali hiyo haikuiona hatari. Iliiona, ila kwa idara nyingine. Wiki ileile walikuja vijana wa Idara ya Tahadhari na ndoo ya rangi nyekundu, wakachora alama ya X kwenye kila nyumba ya mtaa, maana yake ondoka, hapa ni njia ya maji. Nyuma yao, kwa umbali wa nyumba mbili, walikuja mafundi wa umeme wakifunga mita. Nyuma ya mafundi alikuja karani wa kodi ya majengo. Wote walikutana kwenye kivuli cha mlango wa Siwatu, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani.

"Sasa nimsikilize nani?" Siwatu aliuliza.

"Tusikilize wote, dada," alisema karani. "Serikali ni moja."

Kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na X, hakuna aliyetishika. Watu waliitumia kuelekezana: ukipita X iliyochuruzika, hesabu nyumba tatu, mimi nipo kwenye X nyembamba. Siwatu alimrudisha mchoraji airudie yake, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi, na yeye kama fundi hakutaka kitu kilichopinda ukutani kwake.

*

Masika ya kwanza yalikuwa haba. Maji yalifika kwenye mabustani ya mchicha, yakageuka. Mheshimiwa Waziri akasema redioni kwamba mto umetambua mamlaka.

Masika ya pili Bwana Kondo alikwenda kumtembelea mwanawe siku ya Jumapili, na Tumu, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano, akamvuta mkono hadi chumbani.

"Babu, njoo uone. Ukuta wetu unatoa jasho."

Kondo akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umelowa mpaka usawa wa goti lake. Akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga, akaufuata mkuyu uliosimama mwisho wa kiwanja, akainua macho. Juu kwenye matawi kulikuwa na nyasi kavu zimenasa, na kipande cha jamvi, na ndara moja. Akageuka kuitazama nyumba. Zile nyasi zilikuwa juu kuliko bati.

Hakuna mtu anayepanda mkuyu kwenda kuanika nyasi. Kondo alilijua hilo na akaketi chini kwenye matope na suruali yake ya Jumapili. Kisha akaenda kuuchukua ufito, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akaupima mto ukiwa na maji. Ulikuwa mita moja na nusu, na ulikuwa unapanda.

Jumatatu aliingia kwa Mkuu wa Idara, Bwana Hemedi Shungu, kabla chai haijaja.

"Mto una maji," alisema Kondo.

"Huu ni mwezi wa tatu," alisema Bwana Shungu.

"Ndiyo maana una maji."

"Ndiyo maana hatuupimi."

"Nataka kufuta saini yangu. Kwenye vyeti vyote mia tatu. Nianze na cha mwanangu."

Bwana Shungu akafungua kabrasha, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, maana hakuwa mtu mbaya na alitaka kweli kumsaidia. "Cheti cha Ukavu hufutwa kwa kipimo kipya. Kipimo kipya huchukuliwa mwezi wa nane." Akavua miwani. "Vumilia, mzee mwenzangu. Mwezi wa nane utashuka, na ukikuta maji, wallahi tutafuta vyote kwa siku moja."

Halafu, kwa masikitiko, akamwandikia barua ya onyo kwa kosa la kukaribia mto wenye maji, akamwomba atie saini kuthibitisha ameipokea. Kondo alitia.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja Neema. Siwatu alikuwa kwenye cherehani, sare za harusi zimemzunguka, kitambaa cha rangi ya zambarau kila mahali.

"Siwatu, hama. Leo."

"Nihamie wapi, baba?"

"Kwangu. Mto utakuja hapa. Utapita juu ya bati."

Siwatu akasimamisha cherehani kwa kiganja. Akainuka, akafungua kabati, akatoa cheti kilichofungwa kwenye nailoni, akakiweka juu ya zile nguo. "Hii si saini yako?"

"Ni yangu."

"Uliisaini kwa kulazimishwa?"

"Hapana."

"Basi ulisema kweli wakati ule au unasema kweli sasa? Maana mimi nimejenga kwa ile ya wakati ule. Kila tofali, baba. Watu wa X walipokuja sikushtuka hata kidogo. Nilijisemea, hawa wa rangi hawamjui baba yangu. Mtu anayeandika vizuri vile hawezi kuandika jambo asilolijua."

Hapo Bwana Kondo Mbarapi alifanya jambo ambalo mwanawe hakuwahi kumwona akifanya, hata siku ya kumzika mkewe. Alipiga magoti kwenye sakafu ya sementi, katikati ya vitambaa, akalia kwa sauti.

"Niliandika uongo," alisema. "Miaka yote. Niliandika uongo kwa mwandiko mzuri."

Siwatu akachuchumaa, akamfuta uso kwa kipande cha zambarau.

"Inuka, baba. Nimesikia. Harusi ya watu ni Ijumaa, sare zao haziwezi kulala njiani. Jumamosi nahama. Si kwamba nauogopa mto. Ni wewe tu, siwezi kukuona hivi."

Kondo angeweza kumbeba mtoto siku ileile, na alilifikiria hilo. Lakini Tumu alikuwa anaumwa jino na hakutaka kumwacha mama yake, na Jumamosi ilikuwa karibu, na mtu aliyetoka kusamehewa huona haya kudai zaidi. Akaondoka peke yake.

*

Alhamisi hakukunyesha Neema. Jua lilikuwa linawaka, nguo zimeanikwa, watu wamelala chali vibarazani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri huko milimani, kwenye mkoa mwingine, wenye idara yake.

Saa nane mchana ikasikika ngurumo ambayo haikutoka juu. Ofisini watumishi walikimbilia madirishani, na Bwana Shungu akawasihi wafunge mapazia, kwa kuwa msimu wa kupima ulikuwa bado. Kondo alikwisha kuwa ngazini.

Maji yalikuja yakiwa yamesimama wima, yakaingia Neema nzima kwa mara moja. Wenye milango ya mbao walitoka, maana ilivunjika. Mlango wa chuma unaofungukia nje, maji yakiuegemea, hausukumiki na mtu mmoja. Nondo za madirisha ziliwekwa na fundi hodari.

Kufikia jioni maji yalikuwa yameshuka kiasi cha watu kupita kwa kamba, na Kondo na majirani wakapanda juu ya nyumba ya Siwatu na kufumua bati. Walimkuta Tumu juu ya kabati, amelala chali, ameinua pua kwenye nafasi ya kiganja kimoja iliyokuwa imebaki chini ya bati. Siwatu alikuwa chini, ndani ya maji. Alikuwa amelikumbatia kabati kwa mikono miwili na kulibana ukutani kwa kifua, lisipinduke. Ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja.

"Babu," Tumu alisema alipotolewa, "mama amechoka kusimama."

Mpaka hapa tumekuwa tukicheka kidogo, na mwenye kutaka kucheka bado aendelee, mimi siwezi. Kondo alimchukua mjukuu wake, akamfunika na shati lake, akashuka naye. Hakupiga kelele. Alikuwa na uchungu uliokosa hata pa kutokea, na watu waliomwona siku ile wanasema wangependa zaidi kama angepiga kelele.

*

Neema ilizika watu thelathini na saba. Mheshimiwa Waziri alifika kwenye maombolezo akiwa na buti mpya.

"Tumehuzunika," alisema, "na tumekasirika. Maji haya hayakuwa ya hapa. Ni maji wageni, yaliyoingia mtaani bila kibali, na tumeunda tume kuyachunguza. Lakini nawaletea faraja. Wataalamu wananiambia mafuriko ya namna hii huja mara moja katika miaka mia. Sasa yamekuja. Kwa hiyo, ndugu zangu, Neema imeshamaliza zamu yake, na kwa miaka mia ijayo hakuna mahali salama kuliko hapa."

Kwenye ofisi ya vizazi na vifo karani alimpokea Kondo kwa heshima, akamwekea kiti.

"Marehemu alikufa kwa nini, mzee?"

"Kwa maji."

Karani akapekua orodha yake. "Anwani yake ni Mtaa wa Neema. Ule una ukavu wa serikali, mzee wangu. Mashine haikubali maji kwa anwani hiyo. Wenzako wengine wamechagua 'kuzidiwa'. Kuna na 'kupumzika ghafla', watu wanaipenda."

"Andika maji."

"Mzee, mimi pia nina watoto."

Kondo alirudi kila siku kwa siku kumi na mbili, akakaa kwenye kile kiti, na kila alipoulizwa alijibu neno lilelile moja. Siku ya kumi na tatu alikuta wameshaandika kuzidiwa, na mahali pa saini ya ndugu wameandika kwamba amekataa. Idara nayo ikamstaafisha mapema, kwa barua nzuri iliyosifu mwandiko wake.

Tumu alipoanza shule, Kondo akawa anampeleka asubuhi, kisha anateremka Neema na kukaa kwenye kiwanja mia na kumi na nne. Nyumba ilikuwa imeshabomolewa, umebaki msingi. Viwanja vilikuwa vimeshagawiwa upya, safari hii kwa Cheti cha Ukavu cha Daraja la Kwanza. Kila aliyekuja kutazama kiwanja chake Kondo alimwita, akamsimulia yote, bila kuacha kitu, hata yale ya aibu yake. Watu walimsikiliza vizuri. Wengine walitoka machozi. Kisha waliulizana mafundi wa bei nafuu wanapatikana wapi.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane walikuja mtu na mkewe, vijana, wamevaa vizuri. Mke alikuwa na mimba kubwa na alishika bahasha kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Mia na kumi na nne ndiyo hii?"

"Marahaba. Ndiyo hii. Kaeni kwanza."

Walikaa kwenye msingi. Kondo akawasimulia: ufito, sifuri, ukuta uliotoa jasho, mlango wa chuma, kabati. Aliwaonyesha mahali kabati liliposimama. Yule mwanamke alilia waziwazi, akamshika mkono.

"Pole sana, baba. Pole sana."

Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa. Akauliza kwa upole, "Na yeye marehemu, alikuwa na cheti?"

"Alikuwa nacho."

"Nani alimsainia?"

"Mimi," alisema Kondo. "Mimi baba yake."

Yule kijana akamtazama mkewe. Wakasogea kando, wakanong'ona, mke akachungulia ndani ya bahasha, na waliporudi nyuso zao zilikuwa zimetulia, kama watu walioondolewa mzigo.

"Basi usiwe na wasiwasi na sisi, mzee," alisema kijana. "Chetu amesaini mtu mwingine."

Akaanza kuhesabu hatua kutoka kona ya msingi, mkewe akimfuata na vigingi. Walipofika alipokaa Kondo walisimama, wakaoneana haya kidogo, kisha wakamwomba, kwa adabu sana, asogee pembeni, kwa kuwa hapo ndipo walipopanga chumba cha mtoto.